Bunge linamwakilisha nani hasa? Uzi kuhusu wakosoaji wa demokrasia ya kibunge

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Mijadala mingi kuhusu bunge huishia kwenye tabia za wabunge: huyu anasinzia, yule hasomi miswada, wale wameshanunuliwa. Yana nafasi yake hayo, ila uzi huu si wa tabia. Nataka tuwapitie watu waliouliza swali gumu zaidi: tukiwapata wabunge waadilifu, wenye akili na wachapakazi, wote bila kubakiza, je, chombo chenyewe hakitakuwa na kasoro? Wapo waliojibu kwamba kitakuwa nayo tu, na hoja zao ni nzito kuliko wengi tunavyodhani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wakosoaji wengi walipatia walipoonyesha kasoro ilipo, wakapotea walipofika kwenye kitu cha kuweka badala yake. Kwa hiyo kila nitakayemtaja nitamuuliza swali lilelile: bunge likiondoka, nani anaamua, na sisi wengine tunamwondoaje akituharibia?

Ninaposema demokrasia ya kibunge nina maana ya mfumo ambao wananchi hawatungi sheria wenyewe, wanachagua watu wa kuwatungia, na serikali inakaa madarakani kwa idhini ya hao waliochaguliwa. Hoja nyingine zitagusa hata nchi zenye marais wenye nguvu, maana nako mabunge yapo.

Naanza na mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Katika Mkataba wa Jamii, kitabu cha mwaka 1762, anasema mamlaka ya wananchi hayawakilishiki. Mamlaka hayo ni utashi, na utashi haukabidhiwi kwa mtu mwingine. Naweza kumkabidhi mtu kazi yangu au fedha zangu, siwezi kumkabidhi kutaka kwangu. Atakachokitaka yeye ni chake. Waingereza, anasema, wanajiona watu huru, kumbe uhuru wao ni wa wakati wa kuchagua wabunge tu. Wakishachagua, wanarudi kuwa watumwa. Kwake mbunge ni wakala asiyeweza kumaliza jambo peke yake, na sheria ambayo wananchi hawakuithibitisha wenyewe si sheria.

Halafu akaulizwa kuhusu nchi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 aliandika ushauri kwa ajili ya Poland, na humo akakubali kwamba nchi ya ukubwa ule haiwezi kwenda bila wawakilishi. Ila akaweka masharti mawili: wabadilishwe mara kwa mara, na waende bungeni na maagizo ya waliowatuma, wakirudi watoe hesabu ya kila walichosema na kupigia kura.

Tarehe 3 Novemba 1774, mwanasiasa wa Uingereza Edmund Burke alisimama mbele ya wapiga kura wa Bristol waliokuwa wamemchagua muda huo huo, akawaambia kinyume cha hayo. Mbunge mwenzake wa mji huo alikuwa tayari kupokea maagizo. Burke akasema hapana: mbunge mnamdai usikivu na bidii, lakini uamuzi wake hauuzi kwa yeyote. Bunge si mkutano wa mabalozi wa maslahi yanayogombana, ni chombo cha taifa moja chenye maslahi mamoja. Inachosha kwamba wengi humnukuu hapa na kuondoka. Mwaka 1780 wafanyabiashara wa Bristol, waliokasirishwa na msimamo wake kuhusu biashara ya Ireland na haki za Wakatoliki, wakawa hawamtaki tena. Akajiondoa kwenye kinyang'anyiro, na bungeni akarudi kwa kiti cha Malton, kiti kilichokuwa mikononi mwa rafiki yake, Markizi wa Rockingham. Yaani uhuru wa dhamiri ya mbunge ulilindwa na bwana mmoja mwenye ardhi.

Katika sheria, Burke ndiye aliyeshinda. Ibara ya 27 ya Katiba ya Ufaransa ya 1958 inasema maagizo yoyote ya kumfunga mbunge ni batili. Ibara ya 38 ya Katiba ya Ujerumani inasema mbunge hafungwi na amri wala maagizo, anatii dhamiri yake tu. Lakini angalieni kinachotokea bungeni siku ya kura: mnadhimu wa chama anajua kila mmoja atapiga nini, na mwenye kukaidi anajua jina lake litakuwa wapi uchaguzi ujao. Maagizo hayakufutwa. Waliozuiwa kuyatoa ni wapiga kura, chama kinaruhusiwa. Hapo ndipo naona moyo wa jambo lote, na nitarudi hapo.

Mchangiaji

Naweka kambi hapa mkuu. Ila mbona jibu ni rahisi? Mimi nimekichagua chama kwa ilani yake. Mnadhimu akimbana mbunge afuate ilani, anatekeleza maagizo yangu mimi. Chama ndiyo njia ya kisasa ya yale aliyoyataka Rousseau.

Mleta mada

Mkuu, hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya kutetea nidhamu ya chama, na ni hoja ya watu makini. Ngoja nikuonyeshe inapobomoka, kwa hesabu ndogo. Inaitwa kitendawili cha Ostrogorski, kwa jina la Moisei Ostrogorski, Mrusi aliyetoa mwaka 1902 uchunguzi mkubwa wa vyama vya Uingereza na Marekani, na mwaka 1906 akaingia katika Duma, yaani bunge, ya kwanza ya Urusi.

Chukua wapiga kura watano na masuala matatu: kodi, ardhi na elimu. Vyama viko viwili, Kijani na Njano, na vinapingana kwa kila suala.

Mpiga kura wa kwanza yuko na Njano kwenye kodi, lakini kwenye ardhi na elimu yuko na Kijani.
Wa pili yuko na Njano kwenye ardhi; kodi na elimu yuko na Kijani.
Wa tatu yuko na Njano kwenye elimu. Kodi na ardhi yuko na Kijani.
Wa nne na wa tano wako na Njano kwa yote matatu.

Kila mmoja anapigia chama anachokubaliana nacho kwa mengi. Watatu wa mwanzo wanapigia Kijani, wawili Njano. Kijani kinashinda kwa kura 3 dhidi ya 2, kihalali kabisa, bila wizi wa hata kura moja.

Sasa rudi uhesabu suala kwa suala. Kodi: wa kwanza, wa nne na wa tano wanataka sera ya Njano, watu 3 kati ya 5. Ardhi: wa pili, wa nne na wa tano, tena 3. Elimu: wa tatu, wa nne na wa tano, tena 3. Kijani kitatekeleza ilani yake yote neno kwa neno, mnadhimu atawabana wabunge barabara, na kila sheria itakayopita itakuwa imekataliwa na wengi wa wapiga kura walewale.

Sisemi kila uchaguzi uko hivyo. Nasema ushindi wa chama hauwezi, peke yake, kuwa ushahidi kwamba wananchi waliagiza kila kilichomo kwenye ilani. Kauli ya "wananchi wametupa ridhaa ya sera hii" inahitaji ushahidi mwingine. Na hapo bado sijagusa namna kura zinavyogeuka kuwa viti. Uingereza mwaka 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Theluthi moja ya kura, karibu theluthi mbili za viti.

Mchangiaji

Basi vyama vifutwe. Kila mgombea asimame peke yake na dhamiri yake.

Mleta mada

Hilo alilisema Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa. Mwaka 1943 akiwa London, miezi michache kabla ya kufa, aliandika insha fupi kali ya kutaka vyama vyote vifutwe, ilichapishwa 1950. Alisema chama ni mtambo wa kutengeneza hisia za kundi, kinaikandamiza akili ya kila mwanachama, na lengo lake la kwanza na la mwisho ni kukua chenyewe. Mtu akiingia humo, swali lake la kwanza huacha kuwa "kweli ni ipi?" na kuwa "sisi tunasemaje?"

Namheshimu sana, na nadhani alivyoieleza hali ya ndani ya chama hakuna aliyemfikia. Lakini ukifuta vyama, mpiga kura mmoja mmoja anabaki na nini? Hans Kelsen, mwanasheria wa Vienna, alisema mapema kwamba mtu akiwa peke yake hana maisha ya kisiasa. Anayapata akijiunga na wenzake. Asiye na mali, asiye na jina, asiye na ukoo maarufu, silaha yake ni kuungana. Bunge lisilo na vyama linawafaa wale wasiohitaji chama ili wasikike.

Mchangiaji

Mkuu usimruke Carl Schmitt. Wengi wanaoliponda bunge siku hizi wanarudia maneno yake hata kama hawamjui.

Mleta mada

Ni kweli, na kwa hiyo nitakaa naye kidogo.

Kitabu cha mwanasheria huyu wa Ujerumani kuhusu hali ya ubunge kilitoka 1923. Anasema kila taasisi inasimama juu ya wazo. Wazo la bunge ni mjadala wa wazi: hoja zinakutana hadharani, mtu yuko tayari kushawishika, na kutokana na mgongano huo sheria iliyo sahihi inapatikana. Sasa, anauliza, nani bado anaamini hayo? Mambo yanaamuliwa kwenye kamati, kwenye vikao vya viongozi wa vyama, kwenye mazungumzo na wenye viwanda na makundi ya maslahi, milango ikiwa imefungwa. Hotuba za ukumbini zinasomwa mbele ya watu walioshaamua. Taasisi ikipoteza wazo lake, inabaki mashine tupu.

Soma maelezo hayo bila kujua nani ameyaandika, utakubali nusu yake au zaidi. Mimi nakubali. Kisha toleo la pili, la 1926, lina utangulizi ambamo anaeleza anakotaka kutupeleka. Demokrasia, anadai, ni kitu kimoja, na uliberali wenye mijadala yake ni kitu kingine. Demokrasia inahitaji watu wanaofanana, na ikibidi, kuwaondoa wasiofanana. Utashi wa watu unaweza kuonyeshwa kwa kushangilia, na dikteta anaweza kuubeba vizuri kuliko bunge.

Tumuulize swali letu. Nani anaamua? Kiongozi anayeshangiliwa. Tunamwondoaje? Kimya. Historia ilijibu haraka sana. Kuanzia 1930 Ujerumani iliongozwa zaidi na zaidi kwa amri za dharura za rais chini ya Ibara ya 48 ya Katiba ya Weimar, katiba ya nchi hiyo wakati ule. Mwaka 1932 bunge lilipitisha sheria 5 tu. Tarehe 23 Machi 1933 wabunge walikutana kupigia kura muswada wa serikali ya Hitler, katika jumba la opera la Kroll, maana jengo lao lilikuwa limeungua mwezi uliotangulia. Wakomunisti walikuwa wamekamatwa au wamejificha. Wanamgambo wa Kinazi walikuwa ndani ya jengo na nje yake. Otto Wels wa chama cha Kisoshalisti akasimama na kusema chama chake kinakataa, na wabunge 94 wakapiga kura ya hapana dhidi ya 444. Serikali ikapata uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Tarehe 1 Mei Schmitt alijiunga na chama cha Kinazi. Mwezi uliotangulia, Aprili, Kelsen aliondolewa kwenye kiti chake katika Chuo Kikuu cha Cologne, na wenzake wa kitivo walipoandika barua ya kumtetea, Schmitt peke yake hakuweka sahihi.

Siyataji haya ili kumfunga mtu mdomo kwa maisha yake. Hoja haifi kwa sababu msemaji ni mbaya. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kosa lililomo ndani ya hoja yenyewe. Schmitt aliliwekea bunge kipimo cha kutafuta ukweli, kisha akalihukumu kwa kushindwa. Kelsen, katika kitabu chake kuhusu kiini na thamani ya demokrasia (1920, kikapanuliwa 1929), anakiri mapema kwamba kusema mbunge ni sauti ya wananchi ni jambo la kubuni. Anakubali kwamba bunge ni mapatano kati ya uhuru na mahitaji ya kugawana kazi. Lakini thamani yake kwake iko kwingine: linawalazimisha walio wengi kukaa chumba kimoja na walio wachache, kuwasikiliza, na mara nyingi kukutana nao katikati, kwa sababu walio wachache leo wanaweza kuwa wengi kesho. Hizo kura 94 zilisemwa kwa sauti, mbele ya serikali, zikaandikwa. Katika mfumo wa kushangilia haziwezi hata kuhesabiwa.

Mchangiaji

Kelsen ni mtetezi wa mabwanyenye tu. Walio wachache wenyewe wanaokutana nao katikati ni matajiri. Umewakwepa akina Marx makusudi.

Mleta mada

Sijawakwepa, nilikuwa naelekea huko. Na hoja ya Marx haishughulikiwi na lolote nililoandika hapo juu, hilo nalikubali kabisa.

Mwaka 1871, baada ya Jumuiya ya Paris, serikali ya waasi iliyokuwa imeushika mji huo, kuzimwa kwa damu mwezi Mei, Marx aliandika kwamba wafanyakazi wa Paris walikuwa wamegundua umbo jipya. Kabla ya hapo, mara moja kila miaka mitatu au sita watu waliamua ni nani wa tabaka tawala atakayewawakilisha vibaya bungeni. Jumuiya ilikuwa chombo cha kazi, chenye kutunga sheria na kuzitekeleza kwa pamoja. Wajumbe waliweza kuondolewa wakati wowote na waliowachagua, na utumishi wa umma ulilipwa ujira wa mfanyakazi. Mambo mawili ya mwisho ni ya maana sana kwangu. Ukiweza kumwondoa mjumbe katikati ya muda wake, unakuwa huru zaidi ya zile siku za Rousseau. Na kama ujira wake ni kama wako, maisha yake yanabaki kama yako.

Kuhusu uchumi hoja yake inakwenda mbali zaidi: bunge linaweza kupigia kura mambo mengi, lakini maamuzi ya kuwekeza, kuajiri na kufunga kiwanda yako mikononi mwa wachache ambao hakuna aliyewachagua. Serikali inayowaudhi inaona mtaji ukiondoka kabla hata ya kikao kinachofuata. Sijapata kusoma jibu linaloiondoa hoja hii.

Lakini "chombo cha kazi" kinachotunga na kutekeleza kwa pamoja kinanitia hofu, na walioulizwa swali letu kwa vitendo walijibu vibaya. Januari 1918 Bunge la Katiba la Urusi lilikutana kikao kimoja tu. Wabolsheviki, chama cha Lenin kilichokuwa madarakani, walikuwa na takriban robo ya viti. Wakalivunja, kwa madai kwamba mabaraza ya wafanyakazi ni demokrasia ya juu zaidi. Aliyewajibu alikuwa mwanamapinduzi mwenzao. Rosa Luxemburg, akiwa gerezani Ujerumani mwaka huohuo, aliandika kwamba bila uchaguzi wa wote, bila uhuru wa magazeti na mikutano, uhai unatoka katika kila taasisi ya umma na wanaobaki wakitenda ni maofisa. Uhuru, alisema, daima ni uhuru wa yule anayefikiri tofauti. Aliyajua makosa ya mabunge vizuri kuliko wengi wetu, na bado akaona kuyafuta si kuyarekebisha. Mabaraza yalipobaki peke yao bila chama kingine cha kushindana, yakawa mhuri.

Mchangiaji

Tatizo si mfumo wala tabaka. Popote watu walipo, wachache watatawala. Michels alishamaliza hili.

Mleta mada

Robert Michels alichunguza vyama vya kisoshalisti, hasa cha Ujerumani, na kitabu chake cha 1911 kinaeleza jinsi chama kinachopigania usawa kinavyozaa watawala. Umati hauwezi kukutana kila siku, kwa hiyo unahitaji viongozi. Viongozi wanapata ujuzi, wanashika ofisi, gazeti na hazina ya chama, na wanachama wanawashukuru. Baada ya muda kumwondoa kiongozi kunaonekana kama kukiangusha chama. Akaiita sheria ya chuma. Ni maelezo ya kweli ya vyama vingi. Ila "wachache watatawala" hakutoshi kumaliza jambo, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya wachache wanaoondoleka na wasioondoleka. Michels mwenyewe aliishia kwa Mussolini.

Mwenzake Gaetano Mosca, Mwitaliano, alichukua njia nyingine, na kisa chake nakipenda. Huyu alikuwa amesema tangu miaka ya 1880 kwamba si wapiga kura wanaomchagua mbunge, ni rafiki za mbunge wanaofanya achaguliwe. Hakuwahi kuwa na lugha laini kwa bunge. Desemba 1925, akiwa mzee na seneta, muswada wa kumpa Mussolini mamlaka yasiyowajibika kwa bunge ulipofika mbele yake, alisimama akaupinga, akasema yeye aliyekuwa mkosoaji mkali wa serikali ya kibunge siku zote sasa analazimika karibu kuililia. Utafiti wake wote haukumzuia kuona kwamba alichokikosoa kilikuwa na kitu ambacho kile kinachokuja hakikuwa nacho.

Mchangiaji

Wote hawa mnawazunguka wapiga kura. Semeni ukweli: watu wengi hawajui wanachokipigia. Kwa nini kura ya asiyejua ilingane na ya anayejua?

Mleta mada

Hoja ya zamani, ipo tangu Plato. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1861 alitaka wenye elimu wapewe kura zaidi ya moja. Mwanafalsafa Mmarekani Jason Brennan aliifufua mwaka 2016. Na ile sehemu ya kutojua ina maelezo mazuri kwa mwanauchumi Anthony Downs (1957): kura yangu ni moja kati ya mamilioni, kwa hiyo muda wa kuchunguza sera kwa kina haunilipi. Watu si wajinga. Wamewekwa mahali ambapo kujua hakuwasaidii.

Sikubaliani na suluhisho. Anayetunga mtihani wa nani anajua ndiye atakayetawala, na anayefeli mtihani ndiye anayeumia zaidi kwa sheria mbaya, maana kiatu kinapobana anapajua aliyekivaa. Ila maelezo ya Downs yananipeleka kwenye hoja ninayoiona kubwa kuliko zote: kama kutojua kunatokana na mahali mtu alipowekwa, mweke mahali pengine uone.

Aristotle aliandika kwamba kuchagua viongozi kwa kura ni desturi ya utawala wa wachache, na kuwapata kwa bahati nasibu ni desturi ya demokrasia. Montesquieu akarudia vivyo hivyo mwaka 1748. Bernard Manin, Mfaransa, katikati ya miaka ya 1990 akauliza: kwa nini mapinduzi ya Marekani na Ufaransa, yaliyofanywa na watu waliowasoma hao wote, hayakuijadili bahati nasibu hata kidogo? Na akaonyesha kwamba uchaguzi kwa umbile lake unamtafuta mtu anayejitokeza kuliko wengine: mwenye jina, fedha, ufasaha. Hata ukiwa huru na wa haki, hauwezi kutoa bunge linalofanana na watu. James Madison, mmoja wa walioiandika Katiba ya Marekani, alilisifia jambo hilo waziwazi mwaka 1787, akisema wawakilishi wataichuja na kuipanua mitazamo ya umma. Kwa hiyo wabunge kutofanana nasi hakukutokea kwa bahati mbaya.

Athens walikuwa na jiwe refu lililochongwa safu za matundu membamba. Raia aliyejitokeza kuhukumu kesi alikuwa na kibao chenye jina lake, kinachomekwa kwenye tundu. Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na bomba la kumiminia vipira vyeupe na vyeusi vilivyochanganywa. Kinadondoka kipira kimoja: cheupe, mstari mzima wa majina umepita; cheusi, mstari mzima unarudi nyumbani. Hakuna wa kumhonga, maana hakuna anayejua nani ataketi. Baraza la watu 500, lililoandaa shughuli za mkutano wa raia, nalo lilipatikana kwa kura ya bahati, na mtu hakuruhusiwa kuketi humo zaidi ya mara mbili maishani. Wanawake, watumwa na wageni walitengwa, na aibu hiyo haifutiki. Hata hivyo mbinu yenyewe haihitaji kumtenga yeyote.

Imeshajaribiwa upya. British Columbia, Kanada, mwaka 2004 raia 160 waliopatikana kwa bahati nasibu walisoma mifumo ya uchaguzi na kupendekeza mpya. Mwaka 2005 pendekezo lilipata asilimia 57.7 ya kura, likaanguka kwa sababu kiwango kilichowekwa kilikuwa 60. Ireland, kuanzia 2016, raia 99 na mwenyekiti jaji walijadili suala la utoaji mimba ambalo wabunge walikuwa wamelikwepa kwa miaka mingi; pendekezo likapita bungeni, likaenda kwa wananchi tarehe 25 Mei 2018, na asilimia 66.4 wakaunga mkono kubadili katiba. Walipewa muda, wataalamu wa pande zote, na sababu ya kujali, maana safari hii kila kura ilikuwa moja kati ya 99.

Mchangiaji

Na wanafikra wa Kiafrika? Nyerere aliwahi kuuponda mfumo wa vyama vingi vya kibunge.

Mleta mada

Ndiyo, kwenye kijitabu chake cha 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Hoja yake ni kwamba upinzani wa Uingereza umezaliwa na migawanyiko ya kitabaka ya kwao, na pale chama kimoja kinapolingana na taifa lote, misingi ya demokrasia inaweza kuwa imara zaidi kuliko kukiwa na vyama kila kimoja na kipande chake. Alikuwa sahihi kwamba bunge la pande mbili zinazotazamana si umbile pekee la majadiliano. Kwenye swali letu la pili ndipo anaponipoteza: ndani ya chama kimoja, sheria ya Michels inafanya kazi bila mshindani wa kuizuia.

Kwasi Wiredu wa Ghana aliliona hilo. Alitetea maamuzi kwa maafikiano, akitumia mfano wa mabaraza ya Waashanti, lakini akakataa katakata chama kimoja kujiita maafikiano. Alitaka serikali isiyo ya chama chochote, ambapo walio wachache hawapati tu nafasi ya kusema bali uamuzi wenyewe unahitaji ridhaa yao. Shida ninayoiona ni kwamba panapohitajika ridhaa ya wote, anayenufaika na hali iliyopo anaweza kuketi tu na kukataa.

Mchangiaji

Mkuu, swali lako nalirudisha kwako. Hao raia 99 wa bahati nasibu, wakituharibia tunawaondoaje? Hatukuwachagua.

Mleta mada

Umenishika pazuri, na jibu langu ndilo linalonifanya nisitake wachukue nafasi ya bunge. Athens hawakutegemea bahati peke yake. Kabla ya kushika nafasi mtu alihojiwa hadharani kama anastahili. Baada ya muda wake kwisha alikaguliwa hesabu, na raia yeyote aliweza kumshtaki kwa aliyoyatenda. Mabaraza mengi ya leo ya raia hayana kitu kama hicho. Wanamaliza, wanarudi kwao, na anayeamua mada waipewe ipi na wataalamu gani wawasikilize ni serikali ileile.

Kwa hiyo ninachokitetea ni hiki. Bunge la kuchaguliwa libaki na kura ya mwisho juu ya sheria na juu ya uhai wa serikali, kwa sababu ndilo tunaloweza kulitimua. Pembeni yake kiwepo chombo cha bahati nasibu chenye haki, kwa katiba, ya kujichagulia mada na kulilazimisha bunge kupiga kura juu ya pendekezo lake, suala moja moja, bila kufungwa ndani ya ilani. Hapo kitendawili cha Ostrogorski kinapungua makali. Wapiga kura wapewe haki ya kumwondoa mbunge katikati ya muda. Na katika kura zinazotokana na chombo hicho mnadhimu akatazwe kutoa maagizo.

Hilo la mwisho najua ndilo gumu kulisimamia. Kuiandika marufuku ni rahisi, lakini mbunge ataendelea kuogopa uteuzi wa chama uchaguzi ujao hata kama hakuna aliyemwambia neno. Kura ya siri ingemlinda dhidi ya mnadhimu, ila ingemficha pia kwetu sisi tuliomtuma. Mwenye wazo la kulitatua hilo bila kupoteza upande mmoja alilete hapa tulijadili.